Casio, Stuli na Honi: Jagwa Music na Ngoma Iliyokataa Kustaafu

Ukitaka kujua ngoma za Wazaramo zimefikia wapi, huku kwetu kuna njia mbili za kwenda kuuliza. Ya kwanza ni kutoka Mbegani, upite Kaole, ufike Bagamoyo mjini na uingie Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Chuo cha Sanaa. Pale, tangu mwaka 1981, vijana wanafundishwa ngoma za makabila ya Tanzania: namna ya kukamata ngoma, kuhesabu hatua, kuingia jukwaani na kutoka. Njia ya pili ni kupanda gari la Dar es Salaam, ushuke Mwananyamala, uulize habari za Jagwa Music.

Nataka kukupitisha njia ya pili. Ya kwanza imeandikwa sana, ina majengo, ina vyeti, ina tamasha lake la kila mwaka. Ya pili imeandikwa zaidi na wageni kuliko sisi wenyewe. Mchiriku, muziki ambao kwa miaka mingi umeitwa wa kihuni, ulibeba ngoma ya pwani wakati wengi tulidhani imebaki ya jukwaani na ya sherehe za serikali. Jagwa Music ndilo kundi lililoufikisha mbali zaidi, na ninavyoona mimi, nafasi yake ni ndani ya historia ya ngoma hiyo.

Tuanze na ngoma yenyewe. Wazaramo wana ngoma nyingi, lakini mbili ndizo zinazohusika hapa. Mdundiko ni ngoma ya kutembea. Wapigaji wanaziweka ngoma karibu na moto mpaka ngozi ikaze, kisha wanazivaa na kuingia njiani, na kila nyumba inayopitwa inatoa watu wake. Mtoto wa pwani anaonywa mapema asifuate mdundiko, kwa sababu wengi wameufuata wakajikuta mtaa wasioujua, usiku umeingia na ngoma inaendelea mbele. Mnanda wenyewe hukaa kiwanjani. Unapigwa mwali anapotoka, kijana anapooa, watoto wanaporudi kutoka jandoni. Mwimbaji anatupa mstari, watu wanaudaka. Katika mistari hiyo yanasemwa yale ambayo mchana hayasemeki: nani anadaiwa, nani ameacha mke na watoto, nani amepata pesa akasahau kwao.

Juu ya msingi huo ukaja mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini kutoka pwani ya juu, Mombasa na Lamu, ambayo kiuno ndicho kinachoongoza. Vijana wa Dar es Salaam waliyachanganya haya mawili katika mitaa ya uswahilini, na hawakuhitaji kujifunza upya. Wengi wao walikuwa watoto wa Wazaramo, au wapangaji katika nyumba za Wazaramo, na ngoma zilikuwa zikilia uani kwao.

Kilichokosekana ni vyombo vya umeme, na hapa lazima tuangalie uchumi. Katika miaka ya 1960 na 1970, kupiga gitaa Dar es Salaam kulihitaji taasisi nyuma yako. NUTA Jazz ilizaliwa 1964 chini ya umoja wa wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Vyombo viliagizwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kurekodi nako kulikuwa mlango mmoja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Kijana wa Buguruni au Mwananyamala asiye na taasisi alibaki na ngoma ya ngozi na koo lake.

Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa rais, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa kwa jinsi alivyofungua biashara. Pamoja na mitumba na redio kaseti zilizotumika, vikaanza kuonekana mitaani vinanda vidogo vya Casio. Kampuni hiyo ya Japani ilianza kuuza vinanda mwaka 1980, na vile vidogo vilikusudiwa watu wanaojifunza nyumbani. Funguo zake ni nyembamba, mtu mzima anabanana vidole. Lakini vinatumia betri, vinabebeka kwapani, na bei yake inawezekana kwa kuchangishana.

Casio hizo zilitembea dunia nzima, na kila mahali zilichukuliwa kwa namna yake. Kule Jamaika, mdundo uliokuwa umewekwa kiwandani ndani ya modeli ya MT-40 ulitumika katika wimbo wa Wayne Smith uitwao Under Mi Sleng Teng, mwaka 1985, na rege ikaingia zama za kidijitali. Wajamaika walichukua mdundo wa mashine. Vijana wa Dar es Salaam hawakuwa na haja nao, kwa kuwa mdundo walikuwa nao tayari, mikononi. Wao walichukua sauti, wakaipa kazi ya kuongoza ngoma.

Hapo ndipo mchiriku ulipokamilika. Yalikuwepo makundi kama Gari Kubwa na Atomic Advantage, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaja Jagwa Music la Mwananyamala, likiongozwa na Jolijo. Soma majina hayo kwa pamoja usikie yanavyotamba: gari, atomiki, Jagwa. Ni majina ya mwendo na nguvu, yaliyotungwa na watu wanaotembea kwa miguu.

Sasa muziki wenyewe, maana wanaoubeza mara nyingi hawajausikiliza kwa makini. Kundi la mchiriku lina kinanda kimoja au viwili, mwimbaji kiongozi, waitikiaji, na safu ya wapigaji: dumbaki, ngoma kubwa ya kutoa besi, rika la kutikisa, na mtu mmoja anayepiga stuli ya mbao kwa fimbo mbili. Stuli hiyo ni ile ile ya kukalia. Sauti yake ni kavu na ya haraka, inapenya kelele zote, na ndiyo inayowaambia wengine mwendo umefika wapi.

Kinanda hakisikiki kwa spika yake ndogo. Kinaungwa kwenye amplifaya ya zamani, na amplifaya inaungwa kwenye honi, ndugu ya zile zilizo juu ya misikiti. Honi imetengenezwa kupeleka maneno ya mtu mbali, kwa hiyo inakata sauti nene na kuzinoa zile za kati. Casio ikipita humo haisikiki tena kama kinanda. Inakuwa kali, yenye pua, inayolia bila kuvuta pumzi. Mtu wa pwani aliyezoea zumari akisikia anaijua mara moja. Sina ushahidi kwamba yeyote alikusudia kuirudisha zumari, lakini sikio la wapigaji lilipendezwa na sauti hiyo kwa sababu lilikuwa limeshalelewa nayo.

Halafu kuna ule mluzi. Maikrofoni ikisogea karibu na honi, sauti inajizungusha na kupiga yowe. Fundi wa studio atakimbia kuizima. Katika mchiriku inaachwa, na mwimbaji mzuri anajua asogee wapi ili ilie pale anapotaka. Wimbo unaanza na kisa, unaimbwa na kuitikiwa. Kisha mwimbaji anapunguza maneno, kinanda kinashika kipande kifupi na kukirudia, stuli inaongeza kasi, na uwanja unafunguka kwa wachezaji. Wimbo mmoja unaweza kwenda muda mrefu kadiri watu watakavyo, kama mnanda ulivyokuwa.

Mwendo huu, wa kuchukua muziki wa wazee na kuukimbiza mpaka wazee wakasirike, umewahi kutokea kwingine. Mwaka 1980 lilianzishwa London kundi liitwalo The Meteors. Walichukua rokabili, muziki wa vijana wa Marekani ya kusini wa miaka ya 1950, pamoja na lile besi kubwa la mbao linalopigwa kwa kuchapa nyuzi, wakaupiga kwa kasi na ghadhabu ya panki. Mtindo huo ukaitwa saikobili, neno ambalo The Cramps wa Marekani walikuwa wamelitumia kwenye matangazo yao miaka michache kabla. Wapenzi wa rokabili walisema wameuharibu muziki. Wapenzi wa panki waliona ni mambo ya kizamani. Wakabaki na kumbi zao wenyewe, kama Klub Foot ya Hammersmith, na vijana ambao hawakuwahi kusikia rokabili ya asili waliijulia humo.

Nautaja mtindo huo kwa sababu unatusaidia kuona kitu kimoja. Besi la mbao kwa The Meteors ni kama stuli na dumbaki kwa Jagwa: chombo cha zamani ndicho kinachobeba kasi mpya, na ukikiondoa, kinachobaki ni kelele tu. Lakini pana tofauti nzito. Makaburi na maiti katika nyimbo za saikobili ni mchezo, yametoka kwenye filamu za kutisha. Mchiriku ulikua katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukizika vijana kila wiki, na dawa za kulevya zikiingia mitaa hiyo hiyo. Kifo kinapotajwa katika nyimbo zake, mara nyingi aliyekufa anajulikana kwa wanaocheza.

Jagwa walijijenga bila redio. Radio Tanzania haikuwa na nafasi kwa muziki wa namna hiyo, na hata vituo binafsi vilipoanza katikati ya miaka ya 1990, milango ilifunguka kwa Bongo Fleva na kubaki imefungwa kwa mchiriku. Kilichowabeba ni kaseti. Ngoma ilirekodiwa pale pale inapopigwa, pamoja na vigelegele, ugomvi na mbwa wa jirani, kisha kaseti ikanakiliwa na kuuzwa. Daladala ndizo zilizokuwa kituo chao cha matangazo. Konda na dereva waliupenda, na abiria hakuulizwa.

Kwa njia hiyo mchiriku ulifika huku kwetu. Magari ya Bagamoyo yaliyokuwa yakitoka Mwenge yalikuja na kaseti hizo, na Mbegani ni mahali ambapo wavuvi, wanafunzi wa chuo cha uvuvi na wakulima wa minazi wanapanda gari moja. Mjomba wangu, mpigaji wa mnanda tangu ujana wake, alizisikia humo garini. Nilimuuliza baadaye alionaje. Alisema ngoma ni ile ile, ila wamempa mtoto wa mjini filimbi. Kisha akaenda kutafuta wenzake wanne, wakachanga, wakanunua Casio iliyotumika, na kwa misimu kadhaa walikuwa wakiitwa kwenye shughuli kuanzia Kaole mpaka Zinga. Pasipokuwa na umeme walitumia betri ya gari. Kwa sherehe ya mwali walianza jioni kwa ngoma tupu, akina mama wakaimba ya kwao, na kinanda kikaunganishwa baada ya isha. Hakuna aliyeona kwamba pamebadilika kitu katikati. Wanaotunza walitunza, mwali alitolewa, watu wakala.

Sitaki kusema kwamba wote waliokasirika walikuwa na dharau. Kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku kucha ambayo mchiriku ndio ulikuwa uhai wake, ina lawama za kweli. Honi inayopenya mitaa mitatu inapenya pia chumba cha mgonjwa na cha mtoto mchanga. Mabinti wadogo wamekutwa huko saa nane za usiku. Pombe na bangi zinakuja, visu vinafuata. Bibi yangu, ambaye aliwafunda wanawali wengi, aliacha kwenda alipoona mambo ya ndani ya unyago yanachezwa barabarani mbele ya wanaume na watoto. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko ile ya mabwana wa serikali: kwamba ngoma ina mahali pake, na ikikosa mahali inakosa adabu. Viongozi wa mikoa na wilaya wamepiga marufuku vigodoro mara kadhaa, na mara nyingi majirani wameshangilia.

Lakini marufuku hayakuwahi kujibu swali la bibi. Kama ngoma ina mahali pake, mahali hapo pako wapi mjini, ambapo ua umegawanywa vyumba vya kupangisha na kiwanja kimejengwa fremu za maduka? Mchiriku ulikwenda barabarani kwa kuwa ndiyo nafasi iliyobaki. Na ukizisikiliza nyimbo za Jagwa, utashangaa ni za mawaidha kiasi gani. Mwimbaji wao, Jackson Kazimoto, anayejulikana kama Jackie, anaimba habari za ugumu wa maisha, mapenzi yenye hila, watu wanaopotea kwa ulevi. Ni kazi ile ile ya mwimbaji wa mnanda, ya kuwaambia watu ukweli wakiwa wanacheza, ili wasikimbie.

Mwaka 2012 lilitokea jambo ambalo Mwananyamala haikulitarajia. Kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa albamu ya Jagwa Music iitwayo Bongo Hotheads, chini ya usimamizi wa Werner Graebner, Mjerumani aliyetumia miaka mingi kurekodi na kuandika habari za muziki wa Waswahili. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotoa kazi za Konono No. 1 wa Kinshasa, wanaopiga likembe kwa umeme na vipaza sauti vya kujiundia, kwa hiyo masikio ya Ulaya yalikuwa yameandaliwa. Jagwa wakapanda majukwaa ya matamasha huko, na wasikilizaji wakawaita panki wa Afrika. Ule mluzi wa honi ulioonekana kwetu kuwa ubovu wa vyombo, kule ulisikika kama ujasiri.

Najua ni rahisi kufurahi hapa na kusema mzungu ametuonyesha. Mimi naliona kwa namna nyingine. Wasikilizaji wa Ulaya walisikia kasi na ukali, na hayo yapo. Hawakusikia mwali, wala chakacha, wala kisa cha mpangaji aliyeimbwa mpaka akahama, na hawakuwa na sababu ya kuvisikia. Hilo ni jukumu letu. Kundi lilipokewa ugenini kama kitu kipya kabisa, na nyumbani lilikataliwa kama uchafu mpya kabisa. Kote kuwili umri wake haukuonekana.

Wakati Jagwa wakizunguka, kizazi kingine kilikuwa kimeshachukua kijiti. Katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, vijana walianza kunakili vipande vya vinanda vya mchiriku na taarabu, kuviingiza kwenye kompyuta na kuvipandisha kasi mpaka midundo mia mbili na zaidi kwa dakika. Hiyo ndiyo singeli. Msaga Sumu alitoka humo. Studio ya Sisso ilipeleka kazi zake Kampala, na mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ikatoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso. Singeli ilipata kile ambacho mchiriku ulinyimwa: redio, majukwaa ya kampeni, wasanii wanaotambulika barabarani. Watoto wa Mbegani wanaijua kwa moyo.

Naipenda, na ninaona damu yake ilikotoka. Ila kuna hesabu inayopaswa kufanywa. Kundi la mchiriku lilikuwa na watu wanane au zaidi, na karibu wote walikuwa wapigaji. Singeli inahitaji mmoja kwenye kompyuta na mmoja kwenye maikrofoni. Mpigaji wa stuli na wa dumbaki hana kiti humo, isipokuwa kama sauti iliyonakiliwa. Maarifa yaliyopita kutoka mnanda kwenda mchiriku yalipita kwa mkono kuiga mkono, jioni baada ya jioni. Kipande kilichokatwa kwenye kompyuta kinahifadhi jinsi mkono ulivyolia siku moja. Hakimfundishi mtu namna ya kuupeleka mkono kwingine.

Kaseti nazo haziwezi kusubiri. Unyevu wa pwani unaziotesha ukungu mweupe kwenye utepe, na hewa ya chumvi inakula zile springi ndogo za ndani. Mjomba ana kasha la kaseti thelathini na kitu, nyingine za makundi ya Dar es Salaam, nyingine za kundi lake, ambazo hazina nakala popote. Mwaka jana tulizijaribu kwenye redio ya jirani. Kumi na moja zililia. Tunazihamisha kwenye simu, moja moja, huku yeye akitaja majina ya wapigaji na mimi nikiandika, pamoja na shughuli iliyokuwa ya nani na mwezi gani.

Ningependa Chuo cha Sanaa kifanye kazi hiyo kwa ukubwa wake, kwa sababu kina vyumba vikavu na kina walimu. Ningependa zaidi kimwite mpigaji wa stuli aje kufundisha, akae na vijana wanaojifunza mdundiko, kwa kuwa wanajifunza jambo moja. Kabla hilo halijafanyika, aliye na kaseti ya mchiriku nyumbani asiichezeshe hovyo. Aifungue, aipepee kivulini, arudishe utepe polepole kwa kalamu, na amtafute mwenye redio nzima.